Vidude vya Kuongezea Alivyotuchagulia Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu ana jicho la kuchagua. Mtume sokoni hapa Kibiti akuletee nyanya, hakuletei zile zinazong'aa juu ya fungu. Anatia mkono chini, anabonyeza, ananusa, anaziacha nyingine palepale. Wauza nyanya hawampendi. Mie nampenda, na nataka niwasimulie alivyotuchagulia vidude vya kwenye simu kwa mkono uleule wa nyanya.

Sisi ni wanawake wa mikeka. Wenzetu wako huko deltani, Mbuchi na Maparoni, kwenye ukindu mzuri. Wao wanakata, wanaanika, wanachemsha rangi, wanasuka ukili, ile mikanda mirefu. Ukili unapanda mashua mpaka Nyamisati, unateremka, unapanda gari, unatufikia sisi huku Kibiti. Sisi tunashona mkanda kwa mkanda mpaka mkeka unakuwa mkeka. Sasa ona, mkeka mmoja una mikono ya wanawake chungu nzima ambao hata hawaonani. Huyu akisuka mpana, yule akasuka mwembamba, mkeka unakunja uso kama mtu kala ndimu.

Uenyekiti wamenipa mie, kwa sababu ya umri wala si kwa sababu ya shule. Shule niliiacha mapema, nikaenda kuolewa. Maneno makubwa ya kwenye mabango nayasoma. Madogo ya kwenye simu yananishinda.

Zamani kazi zote tulikuwa tunapeana kwenye kundi la meseji. Lile kundi lilikuwa soko la asubuhi. Oda ikiingia, nyuma yake inaingia pole ya msiba, inaingia picha ya mtoto kaota jino, inaingia dua ya Ijumaa, anaingia mmoja anauliza nani kaona mbuzi wake. Ukija kuitafuta oda, hujui hata iko chini ya fungu lipi. Ndiyo yakatukuta. Mteja wetu, mama mmoja mwenye duka la mikeka Dar, alitaka mikeka ya nyekundu na nyeupe. Mbuchi wakasuka nyekundu. Maparoni nao wakasuka nyekundu. Nyeupe kila mmoja akajua anasuka mwenzake. Ukili ulipofika huku tukafungua mzigo, shamba zima la nyekundu. Tukashona hivyohivyo, na yule mama akaipokea kwa sababu ya utu tu. Lakini akamwambia mjukuu wangu, "Mwanangu, nawapa oda nyingine moja. Hiyo ikiharibika, tusilaumiane."

Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa anazungumza na mteja. Yeye ndiye aliyetukusanya tukawa chama. Na baba yake, yaani mwanangu, alikuwa na maneno yake. Dada yake huyo mwanangu ana duka Ikwiriri, anataka binti wa kulikalia. Akamwambia mtoto, "Umeshinda na simu ya mikeka muda mrefu. Maliza hiyo oda. Ikitoka vizuri, endelea. Ikiharibika, unakwenda kwa shangazi yako, na simu hii tuiache kwa kupigia salamu."

Mtoto akaitikia, "Sawa, baba." Lakini wali ule wa siku ile aliugusagusa tu.

Basi akatuhamisha. Kuna programu, sijui niseme ni ukumbi, ya watu wanaofanya kazi pamoja. Inaingia kwenye simu kama yale makundi, ila ndani ina vyumba. Chumba cha rangi, chumba cha kusuka, chumba cha kushona, na baraza la maneno yetu ya dunia. Mwenye habari ya mbuzi aende barazani. Nikaona hapo tumemaliza. Kumbe huo ukumbi una duka lake humohumo ndani, la vidude vya kuongezea. Akanifungulia nione. Jamani, vingi. Cha kukumbusha, cha kugawa kazi, cha kupiga kura, cha kutunza picha, cha kusoma maandishi kwa sauti, mpaka cha kukupongeza, ukimaliza kazi kinakurushia maua.

"Chukua vyote," nikamwambia.

"Mke mwenza, una tamaa," akanijibu. Mie na yeye ndivyo tunavyoitana, bibi na mjukuu ni watani.

"Tamaa gani, si ni bure?"

"Bure kuweka. Kukaa navyo si bure."

Nikamsumbua mpaka akaniwekea kadhaa, ili nijionee. Ehee. Asubuhi iliyofuata simu ilianza kulia sijanywa hata chai. Huyu anakumbusha, huyu anauliza tumeamkaje, huyu anarusha maua na hakuna aliyemaliza kitu. Za wenzetu kule deltani zikagoma kabisa, bando likaisha, simu zikawa za moto kama mihogo ya kuchoma. Shoga yangu wa Maparoni, tumecheza naye utotoni na ulimi wake haujazeeka, akanipigia.

"Mwenyekiti, umetuwekea nini humu? Niko na maji kiunoni nakata ukindu, simu iko kifuani inaniambia 'Usisahau kunywa maji.'"

"Si umenywa?"

"Yaliniingia mdomoni nilipokuwa nacheka."

Mjukuu wangu wala hakuniambia 'si nilikuambia'. Hilo nalo nampendea. Alivitoa vyote, kimoja kimoja, ukumbi ukabaki na vyumba vitupu. Halafu akafanya jambo ambalo mie nisingelifikiria. Akawapigia wanawake, mmoja baada ya mwingine, asiwaulize wanataka kidude gani. Aliwauliza, "Kazi inakuuma wapi?" Akasikiliza. Mwingine alimpa habari za mgongo, akazisikiliza pia.

Alipomaliza akaja kukaa nami uani, mie nashona yeye anaongea. Akasema, "Maumivu ni machache kuliko nilivyodhani. Watu hawajui nani anasuka nini. Wengi hawasomi. Na kuamua jambo kunachukua muda, kila mtu anamngoja mwenzake."

"Na cha kukumbusha?"

"Hicho hapana. Mashua inafuata maji kujaa na kutoka, na wao wanayajua maji kuliko kengele yoyote. Nikiwapigia kengele nitakuwa nawapigia kelele."

Basi akachagua vitatu tu. Cha kwanza cha kugawa kazi. Kila ukili una kibao chake kwenye simu, chenye rangi yake, na juu yake alama ya mwenye kuusuka. Kwa wasiosoma kila mtu akachagua mnyama wake, mie kuku, shoga yangu akachagua kaa, akasema anafanana naye kwa kung'ata. Kibao kiko upande wa kusuka, ukimaliza unakisukuma kwa kidole kinakwenda upande wa safari, kikifika huku tunakisukuma kwenye kushona. Mie kile kibao kilinifurahisha mpaka nikawa nakisukuma mbele na kuvuta nyuma, akaniondolea ruhusa, akaniachia ya kutazama.

Cha pili cha kusoma kwa sauti. Mtu akiandika, kinakusomea. Kiswahili chake cha mgeni aliyeshuka jana, ukindu anautamka kama anauogopa, lakini anaeleweka. Kuna mwanamke wa Mbuchi alikuwa kila meseji lazima amtafute mtoto wa jirani amsomee. Siku ya kwanza kaisikiliza oda mwenyewe, alirudisha sauti, akasema tu, "Leo nimejua jambo kabla ya jirani." Tuliisikiliza ile sauti mara nyingi.

Cha tatu kura. Hapa ndipo tulipotaka kuanguka.

Yule mama wa Dar alituma picha za michoro miwili. Akasema tuchague tunaouweza, lakini tukishachagua, basi. Mmoja mawimbi mapana, mepesi kusuka. Mwingine nyota ndogondogo, ukili mwembamba kama utepe, mzuri wa kumliza mtu, na kazi yake usiseme. Kule deltani mpunga ulikuwa umeiva, wanawake wanavuna mchana kutwa na kufukuza ndege. Mjukuu wangu akaweka kura, kila mtu abonyeze mchoro anaotaka.

Mie nilikuwa nataka kuziona zile nyota kwa karibu. Nikabonyeza ili ikue. Haikukua. Ikatokea alama, na kuku wangu akakaa pembeni yake.

Sikujua kama nimepiga kura. Ila wenzangu walimwona kuku. Kaa akafuata, akafuata kasa, akafuata njiwa, ukumbi mzima ukahamia kwenye nyota. Si unajua kwetu, mkubwa akishatia mkono kwenye sinia, nani atasema anataka sinia jingine.

Mjukuu wangu alikuja na simu mkononi, alishaanza kumwandikia mteja kwamba tumechagua nyota. Halafu akaacha. Akakunja uso vilevile anavyouangalia upande wa chini wa nyanya.

"Bibi," akasema. Akiniita bibi najua mambo yamekuwa mazito. "Wanawake hawa walishawahi kukubaliana wote kwa jambo lolote?"

"Hata kwa chumvi ya pilau hawajawahi."

Akampigia shoga yangu, akaweka sauti ya nje. "Bibi, shikamoo. Wewe umechagua nyota kwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si mwenyekiti kachagua? Mimi ni nani?"

"Na kuzisuka, mtaweza kwa wakati?"

Shoga yangu akasema, "Mwanangu, kusuka hatutaweza. Lakini tungemwambiaje? Nyota zile mtu anasuka akiwa amekaa, na sisi sasa hivi tunakaa wakati wa swala tu."

Mie nikadakia, "Mimi nilikuwa naangalia picha tu, wewe."

"Ungeangalia kwa macho. Umeangalia kwa kidole."

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anaitazama ile meseji ambayo ilibaki kidogo tu aitume. Ingekwenda ile, ukili usingekuja kwa wakati, na yeye angekuwa Ikwiriri anapima sukari. Akaifuta, herufi kwa herufi. Kisha akarudi kwenye duka la vidude, akakitoa kile cha kura. Hakukasirika nacho, alisema kidude hakina kosa, kimetengenezwa kwa watu wanaoweza kumpinga mkubwa wao mbele yake, na sisi hatuko hivyo, wala hataki tuwe hivyo. Akatafuta kingine. Akasoma, akajaribu yeye na mimi, akakiacha, akajaribu kingine. Mpaka akapata kinachoficha mnyama wa mtu. Unapiga kura, haionekani umepiga wapi, na hesabu haitoki mpaka wote wamemaliza.

Wakapiga upya. Matokeo yalipofunguka, mawimbi yalijaa kila mahali. Nyota zilikuwa na kura moja.

Sauti ya shoga yangu ikaingia barazani. "Kura ni siri, na mimi simtaji mtu. Lakini kuku akiatamia yai moja, tunajua ni la nani."

Walinicheka juma zima. Na ni kweli, ile kura ilikuwa yangu. Nyota nilizipenda, na mie sivuni mpunga siku hizi. Ndipo nikajua mtoto amechagua vizuri, kwa sababu kidude chake kilinishinda hata mimi, tena bila kunivunjia heshima. Hakuna aliyesema hapana mbele yangu. Walisema hapana kwenye simu zao, wamekaa majumbani kwao, wakabaki wananiamkia kama kawaida.

Kazi ikaenda. Safari hii rangi zilikuwa nyeupe na nyeusi, nyeupe ilikuwa na mnyama wake, nyeusi ilikuwa na mnyama wake, na Mbuchi walipoishiwa ukindu wa nyeupe, kibao kilibaki kimesimama upande wa kusuka, Maparoni wakakiona, wakapeleka mzigo kwa mashua bila mtu kumpigia mtu. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu tuanze. Mjukuu wangu alikuwa anavitazama vile vibao kila akiamka, na chakula bado anakigusagusa. Ukili ulipofika huku tukaupanga chini, mawimbi ya Mbuchi yakakutana na mawimbi ya Maparoni, na upana ni mmoja. Nilipitisha sindano na kwa kweli sikuwa na cha kurekebisha.

Mikeka ikaenda Dar. Tukangoja.

Jibu lilikuja adhuhuri, tuko kwenye mkeka tunakula, mwanangu naye yupo. Simu ikalia. Mtoto akaitazama, akashindwa kuibonyeza, akanipa mimi. Mie nikabonyeza, safari hii kwa makusudi. Sauti ya yule mama ikatoka, haina haraka.

"Mwanangu, mikeka imefika. Nimeitandika dukani, nimetafuta kasoro kwa sababu mara ile mlinikera, sijaona. Nitumieni mingine kama hii, na mniambie mapema ukindu ukiwa mchache. Salimia kina mama."

Mjukuu wangu alitazama chini. Baba yake aliendelea kutafuna tonge lake mpaka likaisha. Akanawa, akafuta mkono, akatoa simu yake, akampigia dada yake Ikwiriri palepale mbele yetu.

"Dada," akasema, "yule binti usimngoje. Tafuta mtu mwingine wa dukani. Huyu ana kazi."

Akakata, akamsogezea mwanawe sahani ya samaki. Mtoto akala. Alikula mpaka nikamwambia, "Mke mwenza, punguza, na mimi nipo."