Bwana yangu anafundisha watu kuvuka ziwa, yeye hajawahi kutoka mu piscine

Admin, ficha jina langu, na la hoteli ufiche pia, maana ukitaja piscine yao tu, bwawa la kuogelea anakofundishia bwana yangu, wote watatujua.

Niko na miaka 33, mama wa watoto wawili. Nilizaliwa Kasenga, mtoni, sasa tunaishi mjini, upande wa Kasapa. Bwana yangu ana miaka 38 na kila mtu anamwita Coach. Filimbi shingoni, saa ya kupimia mkononi, tumbo amelivuta ndani mpaka mwenye kupiga picha aondoke.

Kila Jumamosi asubuhi anatayarisha watu tisa kwa shindano la kuogelea ziwani, kilomita mbili, Jumapili ijayo, na yeye mwenyewe ataogelea mbele yao. Mazoezi yake ni haya: kwenda na kurudi mara arobaini, macho kwenye mstari mweusi ulio chini ya maji, gusa ukuta, pumzika, gusa ukuta. Huo ukuta anaupenda kuliko mimi. Ziwa halina ukuta, na mstari halina. Nilidhani labda atapeleka rangi.

Mimi mtoni nilijifunza kuinua kichwa kidogo, kila baada ya mikono michache, nione ninakoenda. Siku niliyoingia na kundi lake, akapiga filimbi.

«Mama ya batoto, unaogelea sawa bata! Kichwa mu maji!»

«Niko naangalia kwenye niko naenda, papa.»

«Unaenda wapi? Ukuta iko palepale tangu bajenge hoteli!»

Wote tisa wakacheka. Mmoja akalia kwak kwak. Tangu siku hiyo hakuna anayeinua kichwa.

Jumamosi iliyopita, walipokwisha kuondoka, nikamwomba kitu kimoja tu: aogelee urefu mzima macho amefumba, kama ziwani pasipo mstari, mimi nyuma yake. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kufunga kamba za viatu. Mikono sita ya kwanza ilikuwa mizuri, haki yake nampa. Halafu akaanza kupinda. Akapinda tena, mpaka akafika katikati, pale penye kina, akidhani amemaliza. Akanyoosha mkono kugusa ukuta. Ukuta haukuwapo. Akashika shingo yangu. Kilo tisini zilinikumbatia kwa nguvu ambayo hata siku ya ndoa sikuiona. Nilimvuta mpaka kwenye ngazi nikiwa nimekunywa maji ya dawa.

Tulipofika nyumbani, akafunga mlango.

«Usiambie bantu. Jumapili utaogelea pembeni yangu. Lakini uvae kofia nyeusi, basikuone.»

«Na bale tisa, nani ataogelea pembeni yao?»

«Bale hawana shida. Bananifuata miye.»

Alisema hivyo na kifua mbele. Halafu akaomba chai.

Nikimwomba asiwapeleke bado, ananiambia ni wivu. Nikiwaambia wale tisa, baba wa watoto wangu atachekwa mji mzima, na ninamjua, hatanisamehe. Nikinyamaza, watu tisa wataingia ziwani na vichwa chini, nyuma ya mtu anayetafuta ukuta.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Msiniandikie kwamba ndoa ni uvumilivu, nimevumilia hata filimbi mezani. Jumapili iko karibu. Shingo niko nayo moja tu, na watakaoitafuta ni kumi.