Begi Lililolowa Wakati wa Kiangazi

Usipotaka kuamini, usiamini. Mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo, saa tisa mchana, jua linawaka, na begi lile nililifungua kwa mikono yangu.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimehamia shule moja ya sekondari huko Runazi. Hata miezi miwili sijamaliza, mkuu wa shule akanipa kazi ya kuandaa safari ya kidato cha tatu: siku mbili za kambi kando ya mto. Nikafurahi. Nani asingefurahi? Ijumaa ile nilishinda darasani nikikagua mabegi ya wanafunzi: blanketi, tochi, sahani, kikombe. Sufuria, unga wa muhogo na maharage tulishavipanga ukutani.

Wa mwisho akaja msichana mmoja mwembamba, kabeba begi la bluu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umechelewa hivyo? Unaitwa nani?"

"Evodia."

Nikaandika jina lake mwisho wa orodha, nikafungua zipu. Jamani, maji. Blanketi limelowa chapachapa, tochi ina maji ndani ya kioo, viatu vimejaa mchanga. Na hicho ni kiangazi, mvua tumeisahau, hata bomba la shule limekauka. Nikapandwa na hasira. Nikamuuliza kama ananifanyia mzaha. Alikuwa anaiangalia mizigo iliyopangwa ukutani, mmoja baada ya mwingine, kama anatafuta kitu.

"Kamba mmeweka?"

"Kamba ya nini?"

"Ya kuvukia mto. Safari yetu hawakubeba. Tuliambiwa tushikane mikono."

Nikalishika lile blanketi nilikamue, huku natafuta maneno ya kumkaripia. Nilipoinua kichwa, hayupo. Begi halipo. Blanketi nililokuwa nalikamua nalo halipo. Sakafuni maji tu, na jina lake kwenye orodha kwa mwandiko wangu.

Nikampelekea mkuu wa shule ile orodha. Unajua alifanya nini? Alitoa kalamu, akalikata lile jina, akasema, "Safari ni kesho, mwalimu. Mambo ya zamani yaache."

Mambo ya zamani. Na mimi sikuwa nimemwambia neno hata moja.

Aliyenieleza ni mpishi wa shule, Mama Jeska. Miaka mitatu nyuma alikwenda na wanafunzi kambini kuwapikia. Evodia alisombwa na maji mbele ya macho yake, wakivuka kwa amri ya mkuu huyohuyo. Lakini nyumbani kwao Nyamahanga ikapelekwa habari kwamba mtoto alitoroka kambini akaenda kuogelea, akafa maji.

"Na wewe ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Nina watoto, mwalimu. Wanakula kwa kazi hii."

Niamini, hofu yote iliniisha pale pale. Ikabaki hasira. Kulipokucha nilisimama mlangoni mwa basi, nikawaambia wazazi waliokuja kuwasindikiza watoto kila kitu, mkuu akinivuta mkono ninyamaze. Kila mzazi akachukua mtoto wake. Basi likaondoka tupu.

Kisha nikamchukua Mama Jeska, tukaenda Nyamahanga. Tulimkuta baba yake Evodia anapukuchua mahindi. Safari hii Mama Jeska alisema mwenyewe. Mzee aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi.

"Miaka mitatu namkasirikia mwanangu," akasema. "Hata kaburi lake sijalipalilia."

Ningekuwa na mkuu yule pale mbele yangu, sijui ningemfanya nini.

Mwezi haukuisha, nikahamishwa. Yeye bado ni mkuu. Viganja vyangu mpaka leo vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nilikwenda hospitali, nikapewa mafuta ya kupaka, hayakusaidia. Lakini viganja haviniumi. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba mtoto wa watu alilazimika kurudi mwenyewe kusema kweli, kwa sababu sisi watu wazima, wenye midomo, tuliiona kazi ngumu.

Kwa hiyo wewe mzazi unayemfungia mtoto mizigo ya safari ya shule, usiishie kwenye soksi na blanketi. Nenda kawaulize walimu: waliotangulia walirudi wote? Ukiona mwalimu anatazama pembeni kabla ya kukujibu, mshike mwanao mkono, urudi naye nyumbani.