Mshika Ubao wa Mabruki

Kwa miaka ishirini na miwili mimi ndiye niliyemshikia Mabruki ubao. Mume wangu huyo ni seremala hapa Chemchem. Anaweka ubao wa mninga juu ya benchi, anaukanyaga kwa mguu wa kushoto, anakata kwa msumeno wa mkono. Mimi nakaa ncha ya pili, viganja chini ya ubao, kipande kisije kikaanguka kikapasuka. Milango ya mtaa huu imepita mikononi mwangu. Watu husema, "Mlango wa Mabruki." Hakuna asemaye wa Sikuzani.

Mwaka juzi akamwoa Batuli. Alimjengea ng'ambo ya barabara, akamvutia umeme. Mimi bado nawasha taa ya sola.

Siku ya kununua msumeno wa umeme alinichukua mimi. Batuli alikuwa anapakwa hina ya harusi ya ndugu yake. Dukani Mabruki alishughulika kuvutana bei, nami nikamsikiliza muuzaji. Sikwenda shule, kwa hiyo nikielezwa jambo nalishika: kinga inayofunika meno isifungwe ikabaki wazi, waya upite nyuma yako, nguo isining'inie.

"Na ubao, mama, ubane kwa jiliwa," akasema, akinionyesha kile chuma cha kukaza kwa skrubu. "Mtu asishike."

"Hata mke?"

"Hasa mke!" Akacheka.

Mengine nilimweleza Mabruki njiani. "Unanifundisha kukata mbao, mimi?" akasema. Hilo la jiliwa nililimeza. Ningemwambiaje kwamba sihitajiki?

Bodaboda iliyobeba mashine ilipita mlangoni kwangu bila kupunguza mwendo.

"Kwako hakuna umeme, mama Omari," Mabruki akasema. Na nani aliyeninyima?

Siku ya tatu nikasikia mashine inalia kule. Nikachukua ungo wa Batuli niliouazima, nikavuka.

Batuli alikuwa amekaa mahali pangu. Kitanda nilishazoea; nasema ncha ya ubao. Viganja vyake vyenye hina vilikuwa chini ya mninga, kanga inaning'inia. Mabruki ameukanyaga ubao kwa mguu mtupu, na ile kinga ameifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili auone mstari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umependeza hapo."

"Bwana kanifundisha. Anasema wewe ulikuwa unatikisa."

Miaka ishirini na miwili, natikisa!

Mabruki akawasha. Nikanyamaza. Sitajisingizia wema: nilitaka ile hina ichanike. Meno yakala ubao, yakamsogelea. Ubao ukaanza kuyabana, mashine ikaruka. Batuli akaingiza vidole ndani zaidi ili auinue, vilevile nilivyokuwa nikifanya mimi. Mwili wangu ukashtuka kama vile vidole ni vyangu. Nikachomoa plagi ukutani.

"Una wazimu, mama Omari?"

"Chungulia chini ya ubao."

Akachungulia. Meno yalikuwa yametokeza chini, yamebakiza upana wa ukucha kukifikia kidole cha Batuli. Batuli akatoa mikono, akaificha kwapani.

"Muuzaji alisema ubao ubanwe kwa jiliwa," nikasema. "Mtu asishike."

"Alisema lini?"

"Siku ileile ya kununua."

Mabruki akainama kuutazama tena ubao. Batuli ndiye aliyeelewa. "Dada," akasema polepole, "siku tatu zote ulikuwa unangoja nini?"

Niliweka ungo wake chini, nikarudi kwangu.

Mabruki alinunua majiliwa mawili, akaufungua ule mpira, akavaa viatu. Sasa anakata peke yake. Batuli anakaa barazani akichambua mchele kwa vidole vyote kumi. Nikipita ananiamkia, naitikia. Kumpenda simpendi.

Juzi nilimkuta Mabruki anayapaka mafuta majiliwa yake, moja baada ya jingine, taratibu, anayapuliza vumbi. Mimi viganja vyangu vimejaa sugu za ubao wake, na sikumbuki siku aliyowahi kuvipaka chochote.