Ufito Wenye Alama ya Kidole Gumba

Siku ile sikuwa na homa. Naanza hapo kwa sababu najua mtakimbilia kusema kwamba niliumwa, au kwamba nilikuwa nimelewa. Pombe niliinywa baadaye, tena nyingi. Lakini yaliyonipata pale Duluti, ziwa dogo lililojificha msituni mashariki ya Arusha, yalinipata nikiwa mzima, na jua lilikuwa bado halijatua. Mkiamini, sawa. Msipoamini, mimi nitaendelea kuishi nayo hivyo hivyo.

Miaka ile Mjerumani ndiye aliyekuwa bwana. Arusha yenyewe ilikuwa boma jeupe, kambi ya askari na mtaa mmoja wa maduka, basi. Mimi nilifika na msafara, nikiwa na mzigo kichwani, kama tulivyozoea sisi Wanyamwezi. Wenzangu waliporudi, mimi nilibaki. Mbona nilibaki? Nilitaka kuuona Mlima Meru kwa karibu, ule ubavu wake uliobomoka. Ndivyo nilivyo. Hata shule ya misheni niliikimbia mara tu nilipojua kusoma herufi, kwa kuwa kulikuwa na njia iliyopita nyuma ya darasa, na hakuna mwalimu aliyeweza kuniambia inakwenda wapi.

Katika mtaa ule wa maduka alikuwapo mzee mmoja wa Pangani, Mzee Hatibu, aliyeuza vitu vilivyotumika vya Wazungu. Mzungu akifa, au shamba likimshinda akarudi kwao, taa zake, viatu vyake na sufuria zake ziliishia kwa Mzee Hatibu. Siku moja nilikuta amesimamisha ukutani fito mbili za kuvulia samaki. Mmoja ulikuwa mpya, bado una karatasi zake, unang'aa kama jino. Wa pili ulikuwa wa zamani.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza nilichokiona katika ule wa zamani. Ulikuwa wa mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba, vikagandishwa pamoja, na rangi yake ilikuwa imeiva ikawa kama asali ya msituni. Mahali uzi wake ulipokatika, mtu alikuwa ameufunga upya, kwa uzi wa rangi nyingine, kwa subira. Kigurudumu chake cha shaba kilikuwa kimechakaa, lakini ukikizungusha kilitoa sauti ndogo kama panzi. Na kwenye mpini palikuwa na kishimo kilichochimbwa na kidole gumba cha mtu, miaka na miaka. Nikaweka gumba langu pale. Likaingia. Ufito mpya nilipoushika, ulikaa mkononi kama kuni. Ule wa zamani ulikaa kama mkono wa mtu anayekusalimu.

"Mnyamwezi, mpya unauogopa?" Mzee Hatibu akaniuliza.

"Shikamoo kwanza, Mzee wangu. Huo mpya haujui kitu."

"Marahaba. Na wewe unajua nini? Umevua lini?"

"Sijavua hata siku moja. Ndiyo maana nataka wa kunifundisha."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Tukabadilishana, nikampa blanketi langu la safari. Aliponikabidhi ufito aliacha kucheka kidogo. "Kitu kilichotumika kina mazoea yake," alisema. "Usije ukanirudishia."

Niliuliza ulikuwa wa nani. Akasema wa Mzungu mmoja wa mashamba ya Tengeru, aliyekwisha kurudi kwao. Basi nikajua kwamba gumba lile lilikuwa la Mzungu. Kumbukeni hilo.

Nilishuka Duluti alasiri moja yenye ukungu. Maji yalikuwa meusi, yametulia. Hapakuwa na mtu mwingine, na wala sikutegemea kumkuta, kwa sababu watu wa mlima ule, wakati ule, samaki hawakumla. Kwao samaki alikuwa mmoja na nyoka. Ukila, hupewi kibuyu cha maziwa nyumbani kwa mtu. Nilitupa mshipi, ukaninasa mwenyewe sikioni. Nikatupa tena, ukashika mti.

"Unapigana na nani?" sauti ikasema.

Kijana alikuwa ameketi juu ya mzizi, hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Mtu wa Meru, shuka begani, miguu ndani ya maji. Nimejiuliza sana alikuja saa ngapi. Sikusikia jani kavu likivunjika.

"Napigana na mti, ndugu yangu," nikasema. "Na mti unashinda."

"Lete." Akaupokea ufito, nami nikaona gumba lake likiingia katika kile kishimo bila kutafuta, kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani. Akatupa. Mshipi ulikwenda mbali, mzuri, ukatua. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kwa maana maji hayakutikisika. Hakuna duara hata moja. Nikafikicha macho. Labda ni ukungu?

"Samaki akigusa chambo usivute," akaniambia. "Mwache aondoke nacho kidogo, adhani ni chake."

"Wewe umejifunza wapi? Watu wako si hawali samaki?"

"Hawali." Akazungusha kigurudumu polepole. "Mimi nilikula. Bwana wangu Mzungu alikuwa anasinzia tu hapo chini ya mti. Mvuvi nilikuwa mimi."

Kisha akaniomba kitu. Alikuwa na jani la isale, lile refu ambalo Wameru na Wachaga wanalipanda mipakani na makaburini. Alikuwa amelifunga fundo. Kila aliyekaa mlima ule hata kidogo anajua: mtu akikuletea isale lililofungwa anakuomba msamaha, na isale halikataliwi, hata kama alikuulia ng'ombe.

"Nipelekee kwa baba yangu," alisema. "Mzee Ndosi, huko juu mlimani kando ya mto, mwenye jicho moja jeupe. Mwambie ni la Lekia."

Akalinyoosha jani kuelekea kiunoni kwangu, kama anayetaka kulichomeka kwenye nguo. Sasa, mimi nimelelewa. Kwetu mtu akikupa kitu, hata punje ya karanga, unainama na kupokea kwa mikono miwili. Nikainama, nikalipokea kwa mikono miwili.

Niaminini, sijapata kuona uso ukibadilika namna ile. "Sivyo!" akasema. "Sivyo, kaka, sivyo..." Nilipoinua kichwa, ufito ulikuwa umelala juu ya mzizi. Yeye hakuwapo. Mzizi ulikuwa mkavu.

Je, ningekimbia? Ningekimbia. Lakini mimi ugonjwa wangu ni kutaka kujua, nao una nguvu kuliko woga. Asubuhi yake nilipanda mlimani, jani mkononi, ufito begani. Jua lilikuwa kali. Jani lilikuwa likidondosha maji njia nzima, na halikukauka.

Mzee Ndosi nilimkuta migombani akikata majani ya kulisha mbuzi. Nilimwamkia, nikasema, "Mzee, nimetumwa na Lekia." Panga likamtoka mkononi. Akalitazama fundo la jani. Lilikuwa limefungwa kwa mkono wa kushoto, na baadaye aliniambia kwamba mwanawe alitumia mkono wa kushoto tangu utotoni.

"Umelipokea vipi?" akauliza.

Swali gani hilo? Nikamwonyesha, nikainama na kukinga mikono miwili, nikitegemea kusifiwa.

Mzee akaketi chini, pale pale juu ya majani ya mbuzi. "Mjumbe halipokei isale," alisema. "Mjumbe anachomekewa. Kiunoni, kichwani, popote, lakini mikono yake inabaki mitupu. Anayelikinga kwa mikono miwili ndiye aliyeombwa. Sasa mimi nitapokeaje kilichokwisha kupokewa?"

"Mzee, sikujua. Mimi ni mgeni."

"Najua hukujua. Hata yeye alijua kwamba hukujua, lakini ilikuwa imekwisha."

Kisha akanieleza. Lekia alikuwa mtumishi wa Mzungu, akajifunza kuvua, akala. Wazee waliponusa, akaja na isale kwa baba yake, mbele ya watu wote. Na Mzee Ndosi, kwa kuogopa macho ya wenzake, aliirudisha mikono yake ndani ya shuka. Alilikataa isale. Jambo hilo halijawahi kufanywa. Kijana akarudi ziwani, na kesho yake ufito ulikutwa unaelea, yeye hakukutwa. Tangu siku hiyo baba alikuwa akingoja jani lile lirudi. Limerudi, na mpumbavu wa Kinyamwezi amelipokea kwa adabu.

"Aliyeombwa ndiye mwenye uwezo wa kusamehe," alisema mwisho. "Twende ukaseme."

Tukashuka hadi ziwani, mimi na yeye. Nilisimama ukingoni nikajiona mjinga. Nimsamehe nini mtu asiyenikosea? Nikafungua fundo, ndivyo wanavyofanya, nikasema kwa sauti, "Lekia, nimekusamehe." Jani likakauka mkononi mwangu papo hapo, likasinyaa kama tumbaku.

Nilifikiri mzee atafurahi. Alilitazama tu. "Amekusikia wewe," alisema. "Na mimi, nani atanisikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa, kama nilielewa. Mwenye kuhitaji msamaha hakuwa kijana peke yake. Mzee akachuma isale jingine kando ya njia, akalifunga fundo, akanigeukia. Ninyi mnadhani nilikinga mikono? Niliificha nyuma ya mgongo kama mwizi.

"Mzee, funga kwenye mshipi wa ufito huu."

Akatoa ndoana, akafunga jani mahali pake. Nikampa ufito. Alikuwa hajagusa kitu cha samaki maisha yake yote, na aliushika kama mtu anayeshika nyoka. Kisha gumba lake likateleza likaingia katika kishimo. Akaanza kulia. Akatupa, vibaya kuliko mimi, jani likatua karibu sana, na safari hii maji yalifanya duara kama kawaida.

Tukangoja. Mshipi ukaguswa, ukaanza kwenda. Kigurudumu kikalia kama panzi.

"Usivute, Mzee," nikanong'ona. "Mwache aondoke nacho kidogo."

Ulikwenda, ukasimama, ukalegea. Alipouzungusha kurudi, jani lilikuwapo bado, limeshikwa na uzi kwenye shina lake. Fundo lilikuwa limefunguliwa. Halikuchanika, wala halikuliwa. Limefunguliwa, limenyooka.

Mzee Ndosi alilikunja akaliweka kifuani, akapanda mlima bila kuniaga. Lakini siku zilizofuata alikuwa akiniletea ndizi kwa watu waliokuwa wakishuka sokoni, mpaka alipokufa.

Je, ni kambare aliyelifungua? Kambare ana mdomo mpana na ndevu, labda anaweza kufungua fundo. Sijui. Nimeliuliza swali hilo kwa wavuvi wa maziwa mengine niliyopita, wakanicheka. Ufito ninao. Watu wananiuliza mbona sinunui mpya, huu umepinda, nami nawajibu kwamba mpya haujui kitu. Nikitupa mshipi siku ya ukungu, mara nyingine maji hayafanyi duara. Basi naukunja, narudi nyumbani.

Na jambo moja limebaki nami. Sipokei tena kitu kwa mikono miwili. Wakwe zangu waliniona sina adabu, watoto wangu wananionea haya mbele ya wageni. Ukinipa chai napokea kwa mkono mmoja, mwingine uko nyuma ya mgongo.

Kwa hiyo wewe unayependa vitu vya zamani, vipende, mimi sikukatazi, vina utamu wake. Lakini ukikuta alama ya gumba usidhani unajua ni la nani. Na mgeni akikunyooshea jani, muulize kwanza ni la nani, kabla hujainama.