Fundi Tepu na ndoana inayoachiwa nafasi

Jua linachungulia tu juu ya paa la ghala, na Fundi Tepu ameshaloa mpaka viwikoni. Mbele yake kuna beseni jeupe la kufulia, limejaa maji. Ndani ya beseni, kijisamaki cha plastiki laini, rangi ya majani makavu, kinakatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kikivutwa kwa uzi, mkia unatikisika.

"Kinatembea," anasema bila kuinua uso. "Hiki nimekivalisha kikavalika."

Mlangoni amesimama nahodha wa boti inayopeleka wageni kuvua bwawani. Injini inanguruma nyuma yake, wageni sita wamekwishakaa, na yeye ana uso wa mtu aliyeumwa na nyoka, sasa akiona ung'ongo anashtuka.

"Fundi, leo ndiyo leo," anasema. "Nikirudi na samaki, vyambo vyangu vyote nachukua kwako. Nikirudi mikono mitupu kama Jumamosi ile, narudi kwenye vile vya pakiti vya dukani. Na usinililie."

"Nenda baba. Maji hayakusubiri wewe."

Boti inaondoka. Fundi Tepu anafuta mikono, anakaa, anasimama, anakaa tena. Nahodha huyu peke yake ni nusu ya mauzo yake. Na fundi mwenyewe hana pa kurudi, maana cherehani ameiuza.

Jina la Tepu lilimjia kutokana na utepe wa kupimia ambao mpaka leo unaning'inia shingoni. Kwa miaka mingi, katika chumba hiki hiki kilicho hatua chache kutoka gatini, alishona sare za shule na magauni ya harusi. Kisha zikaja nguo za dukani za bei chee. Wateja wakabaki wa kubadilishiwa zipu.

"Nikawa fundi wa zipu," anasema na kucheka. "Na zipu haimshibishi mtu."

Wavuvi wa fimbo walikuwa wakiingia kuomba uzi, gundi, mkasi. Mmoja akamwachia chambo kilichokatika mkia, akamwomba amtengenezee kingine. Alitengeneza. Akatengeneza vingine. Mwaka jana akauza cherehani, akanunua kalibu mbili, sufuria nzito na plastiki ya majimaji ya kuchemsha.

"Mume wangu alininunia siku nzima. Usiku akaniuliza: 'Kwa hiyo sasa tutakula minyoo ya mpira?' Nikamwambia, wewe subiri." Leo, mwezi ukiwa mzuri, anapata mara mbili ya alichopata kwa zipu, na mumewe ndiye anayejisifu kwa majirani.

Lakini kumwaga plastiki kwenye kalibu ni kazi ya mikono tu. Kazi ya kichwa ni ndoana. Hapo ndipo watu wanapoharibu.

"Mtu anaingia, anapanua mikono hivi, anataka ndoana ya samaki aliyemwota. Namwambia ndoana hainunuliwi kwa samaki unayemtamani. Inanunuliwa kwa chambo ulicho nacho. Tena hizo namba zenyewe! Namba sita ni ndogo kuliko namba mbili. Ukifika kwenye zile za sifuri, mambo yanageuka, tano sifuri ni kubwa kuliko tatu sifuri. Aliyezipanga nadhani siku hiyo aligombana na mkewe."

Ncha ya ndoana hufichwa ndani ya plastiki, isinase kwenye visiki vya bwawani. Samaki akibana chambo kwa taya, plastiki hubonyea, ncha ikatoka na kumshika. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi ile haikuwa hivyo. Fundi Tepu alikuwa ametoa chambo kipya, kinene kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Akakitafutia ndoana kwa jicho la mshonaji. Tatu sifuri ikalala mwilini sawasawa, hapakuwa na pengo hata la kupitisha unyasi.

"Nilikiangalia nikajipongeza mwenyewe. Kilikuwa kama gauni la bibi harusi!"

Asubuhi nzima wageni wakadonolewa chambo. Wakavuta. Samaki wakaondoka zao na mikia ya plastiki mdomoni. Nahodha akarudi amewaka: "Fundi mzima wa nguo, umenivua nguo mbele ya wageni!"

Siku tatu Fundi Tepu alikizungushia chambo uzi, akabadili mikia, akabadili rangi. Ndoana hakuigusa, maana ndiyo aliyoiamini. Aliyemfungua macho ni wifi yake, dada wa mumewe, anayepaa samaki pale gatini na ambaye ulimi wake ni mkali kuliko kisu chake. Ni mjamzito. Aliingia ameshika ubavu wa gauni lake.

"Wifi, gauni hili si ulinishonea wewe? Mbona linataka kuniua?"

"Nilikupima ukiwa mmoja. Sasa mko wawili."

"Basi ungeacha nafasi! Fundi gani hajui kwamba watu hunenepa?"

Fundi Tepu akachukua wembe afumue mshono. Hakuufumua. Akaenda mezani, akabana kile chambo kinene kati ya kidole gumba na cha shahada, kama taya za samaki. Plastiki ilibonyea, ikajaa kwenye uwazi ulio kati ya ncha na mpini wa ndoana. Ncha haikutoka.

"Nilipiga kelele mpaka wifi akadhani nimejichoma. Nilikuwa nimeshona nguo ya mwili uliotulia. Chambo kikiumwa kinatanuka! Ndoana ni gauni la mjamzito, lazima uliachie nafasi ya kitakachokuja."

"Na gauni langu likasahauliwa," anadakia wifi yake kutoka mlangoni, kisu mkononi. "Nimetembea na ubavu wazi mpaka jioni."

Nahodha aliposikia, akaruka upande wa pili: basi apewe ndoana kubwa kuliko zote. Fundi Tepu alimvalishia chambo ndoana hiyo, akakiburuta kwenye beseni. Chambo kilikwenda kimekakamaa, mkia haukucheza. "Nikamwonyesha: tazama, kama mtu aliyevaa koti pamoja na hanga yake. Samaki gani atamkimbilia huyo?"

Akajaribu moja moja, kubana kwanza, beseni baadaye. Gumba lake limejaa vitundu. Tano sifuri ikamchoma kila alipobana, na majini ikaacha mkia ucheze. Ndiyo iliyoondoka na boti asubuhi hii.

Jua limesimama utosini mlio wa injini unaposikika. Fundi Tepu hatoki nje. Anapanga pakiti ambazo zimekwishapangwa.

"Tulia," wifi yake anamwambia kutoka mlangoni, akikodolea macho gatini. "Wageni waliokosa hushuka kimya, wakiuliza choo kiko wapi. Hawa... Hawa wanagombana! Kila mmoja anasema wake ndiye mkubwa!"

Nahodha anaingia akichuruzika maji, kreti ya samaki ikiburutwa nyuma yake.

"Nitengenezee arobaini. Na ndoana hiyo hiyo, usinibadilishie hata kidogo."

"Na mimi?" anauliza wifi. "Bila tumbo langu mngevua nini?"

"Chagua samaki, mama. Wa kwako na wa huyo mtaalamu aliyemo ndani."

Kicheko kinajaa chumba. Nahodha anamgeukia fundi: "Lakini hujaniambia, wewe huwa unavulia upande gani?"

Fundi Tepu anaficha uso kwa viganja. Wifi yake anashika ukuta asianguke. "Huyu? Huyu hajavua hata dagaa! Boti anaiona kwa dirisha!"

Ni kweli. Maji yanayopita kimo cha beseni anayaogopa tangu utotoni. Nahodha hacheki. Anamwambia Jumamosi kuna kiti, na jaketi la kuelea lipo.

Amekubali. Tangu nahodha aondoke, ameshapiga hesabu ya kalibu ya tatu na kumtumia mumewe salamu kwamba Jumamosi ni zamu yake mume kupika.

"Nitakwenda, nikitetemeka hivyo hivyo," anasema. "Nikimpata samaki, namleta hapa mtaa mzima umwone. Nikikosa, nakuja kulalamika dukani kwangu. Na ninavyomjua mwenye duka, hanirudishii hata senti."