Mbwa Asiye na Mwenyewe

Baba yangu aliumwa na mbwa wa jirani akitoka kupalilia miwa, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuosha kidonda. Alichechemea moja kwa moja hadi kwa jirani, akasimama uani, akapandisha suruali iliyochanika ili damu ionekane ikiwa bado mbichi.

"Njoo uone kazi ya mbwa wako."

Jirani alitoka na kikombe cha chai mkononi. Aliutazama mguu, kisha akaitazama barabara. "Huyo si wangu, ndugu yangu. Ni mbwa wa kijiji tu. Anakulanga kila mahali."

Mbwa mwenyewe alikuwa akilala kwenye kizingiti cha jiko la jirani miaka yote niliyomfahamu. Jioni ile ile alipotelea kwenye miwa, na hatukumwona tena.

Pande zetu za Matungu, miaka ile ya tisini, sheria ya serikali tuliijua. Chifu aliisema barazani: mbwa afungwe, na akiuma mtu, mwenye mbwa ajibu. Lakini namna ya kujibu tulikuwa na yetu. Mwenye mbwa ndiye aliyempeleka aliyeumwa kwa daktari, mchana, watu wakiona. Ukijipeleka mwenyewe, basi umesamehe, na kesi yako imekufa hapo. Kwa hiyo baba akakaa nyumbani kungoja kupelekwa.

Mama hakuwa na subira na upuuzi huo. Alikwenda peke yake hadi zahanati ya sokoni kuuliza, akarudi amekunja uso. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba mbwa anayeuma mtu kisha akatoweka huenda ana kichaa, na kwamba kichaa hicho kikishampanda mtu hadi maji yakamshinda, hakina dawa. Sindano ni za mapema.

"Baba watoto, twende kesho. Mimi nitakushika mkono."

"Nikienda mwenyewe nitakuwa nimemsafisha."

"Afadhali asafike yeye kuliko nikuoshe wewe," mama akasema. Nilikuwa nikimenya viazi, nikajikata kidole. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia baba neno kama hilo.

Hakwenda. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na baba yangu alikuwa mkaidi aliyejiona mwenye haki, na hao ndio wabaya zaidi. Alimkataza mama kufunga kidonda kwa kitambaa kwa sababu kilikuwa ushahidi. Kilipoanza kupona alikasirika, kana kwamba mguu wake umehongwa na jirani. Nilimpenda sana, na nilitamani kumpiga.

Kesi ilikuwa kwa liguru, mzee wetu wa kijiji, na liguru hakuwa mtu wa haraka. Mara kulikuwa na matanga, mara mvua, mara jirani amekwenda Lubao kuuza ng'ombe. Kila ilipoahirishwa, mama alirudia ombi lake, na kila mara baba alijibu kwamba haki haikimbizwi. Kovu likawa jeusi, likaanza kumwasha. Alilikuna huku akipanga maneno yake.

Siku kesi iliposikizwa hatimaye, jirani alirudia wimbo wake wa mbwa wa kijiji. Liguru hakubishana naye. Alimgeukia mke wa jirani, aliyekuwa ameketi na wanawake wengine kwenye nyasi.

"Mama, huyo mbwa, nani alikuwa anampatia chakula?"

Mwanamke aliinamisha kichwa. Akasema polepole, "Ni mimi. Namwekeanga obusuma iliyobaki. Kila siku."

Liguru akaamua hapo hapo: anayelisha ndiye mwenye mbwa, na nyumba iliyomlisha ibebe meno yake. Kesho yake asubuhi jirani angempeleka baba hospitali mjini Kakamega. Baba alisimama akapeana mikono na kila mtu, hata na jirani. Sijawahi kumwona na furaha namna ile, wala kabla, wala katika muda mdogo uliosalia.

Mama alichinja kuku, kwa sababu aliagizwa. Baba alikula kidogo, akalalamika koo, akaomba maji. Alipokileta kikombe mdomoni, shingo ilimkakamaa na mkono ukakitupa kikombe ukutani. Akatutazama kwa aibu, akaomba mengine. Nayo yakamshinda. Mama aliketi chini, akafunika uso kwa leso, akaanza kulia kimya kimya.

Jirani alifika asubuhi kama alivyoamriwa, amevaa shati safi, baiskeli imefungwa mto kwenye kiti cha nyuma. Alimpeleka baba, watu wakiona. Daktari aliwaambia kwamba wamechelewa, na baba akarudi nyumbani ndani ya jeneza.

Siku ya mazishi, jirani aliomba kusema. Nilikuwa karibu na shimo, nimemshika mama. Jirani alivua kofia, akanong'ona akitazama viatu vyake, "Yule mbwa alikuwa wangu."

Nilikuwa msichana tu, na kwetu msichana hakemei mzee, hasa kaburini.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Aliyekuwa anangoja hajasikia."