Waliokaa Upande wa Juu wa Kitabu

Mwalimu Hildegarda alikuwa amechoka. Tuliseme hilo mapema, maana wanaosimulia habari za walimu wa zamani hupenda kuwapamba kwa ushujaa kama vile hawakuwa na miguu. Yeye alikuwa nayo, na mwaka huo wa 1979 ilikuwa ikimvimba kila ikifika saa nne asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimalizia darasa la kwanza, saba ya mwisho katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Ruhembe, kwenye shule ya udongo iliyopakana na mashamba ya miwa.

Alikuwa anataka kitu kimoja tu, uhamisho. Mama yake, Bibi Anastazia, alikuwa Chanzuru, karibu na Kilosa mjini, macho yamefifia kiasi cha kwenda mlangoni kwa kupapasa ukuta. Aliyekuwa akimwangalia ni jirani, Mwanakheri, mwanamke mwenye moyo mzuri lakini mwenye watoto sita na shamba lake mwenyewe. Hildegarda alikuwa ameshaandika barua tatu za kuomba kuhamia huko. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ikajibiwa kwamba asubiri mkaguzi. Ripoti yake ikiwa nzuri, ataondoka.

Darasa lenyewe lilikuwa balaa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mtoto asome, na viongozi wa kijiji walilichukua neno hilo bila mzaha. Walipita nyumba kwa nyumba wakazoa wa miaka saba na wa miaka kumi na mitatu, Wavidunda, Wasagara, na watoto wa wakata miwa waliotoka Songea na Mbeya. Wengine Kiswahili walikuwa wamekisikia kwa mbali tu. Jumla yao tisini na wanane, na vitabu kumi na kimoja. Vita vya Uganda vimebana karatasi, waliambiwa, subirini.

Kuhusu kufundisha, huyu mama alikuwa na misimamo yake, na haikumfanya apendwe sana ofisini. Mwezi mzima wa kwanza hakufungua kitabu. Aliwaacha watoto waongee: nani kapika nini jana, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani, na aliyekosa neno la Kiswahili alilisema kwa lugha ya kwao, wenzake wakamsaidia. Mtoto ambaye lugha haijamkaa mdomoni, alisema, ukimpa herufi unampa kokoto atafune. Baada ya hapo wakaingia kwenye sauti: waliyataja maneno huku wakipiga kofi kwa kila silabi, mpaka wasikie wenyewe kwamba neno lina vipande. Herufi zikaja mwisho kabisa.

Kitu alichokichukia ni kukariri. Chumba cha pili, kijana mmoja aliyesomea ualimu kwa posta aliwaimbisha watoto kitabu kizima, jalada hadi jalada, na wazazi waliopita njiani wakatikisa vichwa kwa furaha. Hildegarda alisema ule ni uimbaji wa kwaya. Yeye alichuchumaa kwenye mkeka, akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa na kufunika mengine kwa kiganja. "Hili." Mtoto akilitamka, anasoma. Asipolitamka, bado.

Watoto tisa walizunguka kitabu kimoja. Siku za mwanzo walipigania nafasi mpaka damu ikatoka, mmoja akang'atwa sikio. Hildegarda akachoka na ugomvi. Akampa kila mmoja mahali pake pa kudumu, akatangaza kwamba atakayehama atakiona. Kukawa na amani. Aliishukuru amani ile miezi minane bila kuuliza imepatikana kwa gharama gani.

Aliigundua kwa sababu ya Joha. Huyu alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, wa familia iliyohamia kutoka Tindiga, mkimya, mwenye kupenda kusoma kuliko kula. Baba yake alimwandikisha kwa sababu tu balozi wa nyumba kumi alisimama mlangoni akagoma kuondoka. Palikuwa na mtu aliyekwisha kuleta posa, na baba alisema waziwazi kwamba siku shule itakapomchoka mwanawe, yeye atafurahi.

Basi asubuhi moja Joha alikuja na kipande cha gazeti kilichofungia chumvi dukani. Alisimama mbele ya mwalimu wake, akakishika kichwa chini miguu juu, akasoma mstari mzima bila kukosea. Hildegarda alicheka, akidhani ni michezo. Akakichukua, akakiweka sawa, akamrudishia.

Joha alikitazama, midomo ikafunguka, hakikutoka kitu.

"Sasa mwalimu umekigeuza," alisema.

Hildegarda akakigeuza tena, na Joha akasoma. Siku hiyo hakufundisha. Aliwaita wote, mmoja mmoja, na kitabu mkononi. Wale waliokaa upande wa juu wa kitabu mkeka kwa mkeka, wale ambao kwa miezi minane walikuwa wameyaona maneno kutoka ng'ambo, walisoma kichwa chini tu. Walikuwa thelathini na mmoja. Ubaoni walikuwa wakikwama, naye akadhani ni macho mabovu, au njaa. Kwenye mchanga walikuwa wakiandika herufi zilizopinduka, lakini yeye alipita mbele yao akiwa amewaelekea, kwa hiyo kwake zilionekana zimesimama vizuri. Alikuwa akisema "vema" na kusonga mbele. Vema! Alitamani ardhi immeze.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, Damiano, akamweleza. Damiano alicheka, kisha akaona uso wake akaacha.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi ijayo," alisema. "Siku hizi chache hazitoshi kuwageuza?"

"Hazitoshi. Jicho limeshazoea."

"Basi wakae nyuma. Apite, aandike, aende zake. Wewe barua yako inasainiwa, dada. Atakayekuja baada yako atajua la kufanya."

Hildegarda alikubali. Hilo nalo tusilifiche. Alimfikiria mama yake, akasema, haya, wakae nyuma.

Mkaguzi alikuwa Bwana Cleopa, mtu mzima mwenye koti lililofubaa mabegani, aliyefika na pikipiki iliyozimika mara mbili njiani. Aliwasikiliza watoto sita wa mstari wa mbele. Aliwafunikia maneno kwa kiganja, kama vile amefundishwa na Hildegarda mwenyewe, na wote sita walipita. Akafurahi. Akaupapasa mkoba wake.

"Barua yako imo humu, mwalimu. Nikimaliza naisaini."

Damiano alikuwa ameshaanza kumwelekeza mlangoni, lakini Cleopa hakutoka. Alizunguka mikeka mpaka nyuma kabisa, akanyoosha kidole.

"Wewe binti. Soma."

Joha alisimama, akapokea kitabu, akakigeuza kichwa chini. Darasa zima likaangua kicheko.

"Hata kukishika hajui," alisema Cleopa, amesikitika. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili," Damiano alidakia. "Huyo aliletwa na kampeni tu. Shule haimwingii, na baba yake ameshasema yuko radhi tumwache."

"Basi tumwondoe, nafasi apewe mwingine." Cleopa akafungua kalamu, akaitafuta orodha ya majina.

Joha hakulia. Alimgeukia mwalimu wake akangoja, kwa sababu mwalimu ndiye aliyejua. Hildegarda alitazama sakafu. Aliiona Chanzuru, aliuona ukuta wa nyumba yao na mkono wa mama yake ukiupapasa. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Angetakiwa tu asifanye chochote. Kalamu ilikuwa imefika nusu ya orodha.

"Anasoma, bwana mkaguzi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamkera. "Mpe gazeti lako. Usimgeuzie."

Cleopa alisita, kisha akatoa gazeti la juzi mkobani. Joha alilipindua, akaanza habari ya ununuzi wa pamba. Alisoma polepole. Alikwama kwenye neno "ushirikiano", akalikata vipande kwa kupiga kofi pajani, akalivuka, akaendelea. Cleopa aliinama akimfuatisha kwa kidole, kichwa amekiinamisha upande. Watoto waliacha kucheka.

"Nani kamfundisha hivi?"

"Mimi. Nilimkalisha upande wa juu wa kitabu miezi minane, sikumhamisha. Si kwa kutojua kazi. Nilichoka."

"Wako wangapi?"

Damiano alikohoa kwa nguvu.

"Thelathini na mmoja," alisema Hildegarda.

Cleopa alifunga kalamu. Alitoa ile barua ya uhamisho mkobani, akaisoma tena mwanzo hadi mwisho, akaikunja.

"Mwalimu, wanaoimba nimewasikia shule nyingi. Hawa wako wanasoma, hata hao wa kichwa chini. Binti abaki. Lakini nikikuhamisha wewe, nani atawageuza?"

"Mama yangu haoni, bwana mkaguzi."

"Nimekuelewa. Mwakani nitaikumbuka barua hii."

Alilisema kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomuumiza. Angemtukana, angeweza kumchukia vizuri. Hildegarda alikasirika naye hata hivyo, akakasirika na Damiano, akamkasirikia hata Joha aliyekuwa amekaa chini akitabasamu. Ijumaa aliwahamisha watoto wote nafasi zao, na vita vya mikeka vikaanza upya. Aliwatenganisha mpaka saa sita bila kumpiga mtu.

Jumamosi alipanda treni ya Kilosa, akatembea kwa miguu hadi Chanzuru. Mwanakheri alikuwa shambani. Mama yake alikuwa ameketi ndani, kanga begani, na alimtambua kwa hatua zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na mizigo?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukusalimia."

Bibi Anastazia akaivuta kanga yake. Hildegarda akabandika uji, na huku akikoroga alimweleza yote: vitabu, mikeka, binti wa Tindiga, mkaguzi na barua yake. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Watoto thelathini na mmoja," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Ni wengi."

"Ni wengi, mama."

"Na mimi ni mmoja."

Hakulisema kwa hasira. Machozi yakamtoka Hildegarda, na hakuyafuta kwa kuwa hapakuwa na wa kuyaona. Akaupoza uji, akamnywesha mpaka bakuli likaisha. Jumapili mchana akarudi stesheni.